Chichén Itzá na senote kwa siku moja kutoka Cancún: hizi safari za basi zina maana kweli?

#1 Mlasukari
Habari wakuu. Nimepitia ratiba za safari za siku moja zinazouzwa kwenye hoteli za Cancún: magofu ya Wamaya ya Chichén Itzá huko Mexico, chakula cha mchana, kuogelea senote ya Ik Kil (senote ni shimo la chokaa lenye maji), halafu kupita mji wa Valladolid. Zote zinafanana, na kwa maoni yangu zote ni mbovu.

Piga hesabu. Unachukuliwa saa 1 asubuhi. Basi linaokota watu hoteli hadi hoteli mpaka saa 2:30. Njiani ni kilomita 200 hivi, saa mbili na nusu. Katikati linasimama dakika 40 kwenye duka la vinyago, eti mapumziko ya choo. Magofuni unapewa saa mbili, na saa nzima kati ya hizo ni ya mwongoza watalii kuongea. Senote dakika 50, ukitoa foleni ya kuoga na ya kabati zinabaki 30. Valladolid unapiga picha kanisa, unapanda basi. Hotelini saa 3 usiku. Saa 14 barabarani kwa ajili ya saa 3 za kile ulichokifuata.

Maswali mawili. Mwenye siku moja tu afanyeje? Na kwa nini wote wanaanza na magofu, wakati wangeweza kuanza na senote na kuingia magofuni alasiri jua likishapoa?

#2 Konda Mstaafu
Hesabu yako imesahau kitu kimoja: majira ya saa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na Yucatán iko nyuma kwa saa moja. Basi linaloondoka saa 2:30 ya Cancún, ukijumlisha na lile duka, linafika saa 5:40 ya Cancún, ambayo kule ni saa 4:40. Asubuhi unapewa saa ya bure, jioni unairudisha: ukiondoka Chichén saa 11, hotelini kwako tayari ni saa 12.

#3 Kisu Butu
Hiyo tofauti ipo majira ya baridi tu. Kiangazi saa zinalingana.

#4 Konda Mstaafu
Kisu Butu, hayo ni ya zamani. Quintana Roo ilihamia saa ya mashariki Februari 2015. Yucatán ikabaki ilipokuwa, ila kiangazi ilikuwa ikisogeza saa mbele, ndiyo maana zilikuwa zinalingana. Mexico ikaacha utaratibu wa kusogeza saa Oktoba 2022. Tangu hapo tofauti ni ya mwaka mzima.

Watu wanapoachwa na basi, mara nyingi chanzo ni hiki: simu inajibadilisha yenyewe ikishika mnara wa Yucatán, saa ya mkononi haibadiliki, na mwongoza mwingine anabaki na saa ya Cancún kutwa nzima. Akisema "tukutane mlangoni saa 7", muulize saa 7 ya wapi. Kisha mtazame saa yake kabisa.

#5 Shangazi wa Toronto
Mlasukari mwanangu, kuhusu fedha hujasema kitu, na hapo ndipo watu wanapolia. Bei ya safari unayoambiwa mtaani mara nyingi haina kiingilio. Maandishi madogo yanasema "kodi ya eneo haimo". Basi likikaribia, mwongoza anapita kiti kwa kiti kukusanya taslimu, na akikubadilishia dola ni kwa bei anayojua yeye.

Kiingilio chenyewe kina sehemu mbili: ya serikali ya jimbo, na ya INAH, ile taasisi ya taifa ya mambo ya kale. Mwaka 2024 mgeni alilipa jumla ya peso 600 na ushee, na hupanda karibu kila mwaka. Ukienda mwenyewe unapewa risiti mbili. Usitupe hata moja, zote zinaangaliwa pale getini. Na beba peso taslimu. Mashine za kadi zinagoma pale palipo na foleni ndefu.

Vinywaji kwenye chakula cha mchana navyo havimo. Maji ya chupa utalipia, kahawa utalipia.

#6 Tumbili Mzee
Jumapili raia wa Mexico na wageni wenye ukaazi hawalipi ile sehemu ya INAH, kwa hiyo kunafurika. Kama huna ulazima, ikwepe Jumapili.

#7 Mlasukari
Shangazi shukrani. Lakini swali la pili bado halijaguswa. Kwa nini magofu kwanza?

#8 Konda Mstaafu
Kwa sababu magofu yana mlango wa kufungwa. Yanafunguliwa saa 2 asubuhi, yanafungwa saa 11 jioni, na mtu wa mwisho anaingizwa saa 10. Basi likipata pancha au likikwama kwenye ukaguzi wa polisi, aliyeanza na senote anakosa magofu, na abiria wanadai fedha zao. Aliyeanza na magofu akichelewa, anapunguza senote kimya kimya. Hakuna anayedai fedha kwa kuogelea dakika 30 badala ya 50.

#9 Shangazi wa Toronto
Mimi naona ni losheni. Magofuni uwanja mkubwa hauna kivuli hata kidogo, miti iko pembeni. Watu wanajipaka losheni ya jua na dawa ya mbu asubuhi. Wakianza na senote wanalazimishwa kuioga yote, halafu wanatoka hapo kwenda juani wakiwa hawana kitu mwilini. Magofu kwanza, oga, ingia majini, basi. Mpangilio unajieleza wenyewe.

#10 Fundi Chokaa
Kuna sababu nyingine: mwanga. Ik Kil ni shimo la duara lenye kipenyo cha mita 60 hivi, na uso wa maji uko mita 26 chini ya ardhi. Asubuhi jua linagonga ukuta, halifiki majini. Chini kunakuwa na kivuli na baridi. Kuanzia saa 5 hadi saa 8 miale inashuka karibu wima na maji yanageuka bluu. Picha zote za matangazo zimepigwa muda huo. Kampuni inauza picha.

Tatizo ni kwamba kila kampuni inajua hivyo, kwa hiyo muda wa mwanga mzuri ndio muda wa vichwa 200 majini.

#11 Kisu Butu
Konda, Shangazi na Fundi mmetoa sababu tatu tofauti na hakuna aliyetaja ya kweli: mkahawa. Chakula cha mchana kiko kwenye eneo la senote au jirani yake. Mkataba ni wa sahani, senote ni chambo. Wanawafikisha pale saa ya kula.

#12 Konda Mstaafu
Mikahawa mikubwa ya mabasi iko kwenye mji mdogo wa Pisté pia, dakika tano kutoka magofuni, na mingine haina senote. Hoja yako inakula upande mmoja.

#13 Mtoto wa Makorora
Kwa mwenye siku moja, ushauri wa vitendo. Usilale Cancún usiku wa kuamkia. Lala Valladolid, kilomita 45 hivi kutoka magofuni. Nyumba za wageni ziko nyingi na bei ni nafuu kuliko ufukweni. Asubuhi panda kombi, wenyewe wanaita *colectivo*, zinaondoka zikijaa. Lenga kuwa getini saa 2 kasoro dakika 15. Kati ya saa 2 na saa 4 uwanja ni wako na wafagizi. Wauza vinyago ndio kwanza wanapanga meza.

Mpangilio wa ndani: usisimame kwenye piramidi kwanza kama wanavyofanya wote. Kata moja kwa moja uende Cenote Sagrado, njia ya mawe kaskazini mwa piramidi, kama mita 300. Rudi kupitia uwanja wa mpira na jukwaa la mafuvu. Halafu piramidi, Hekalu la Mashujaa, na umalizie kusini kwenye El Caracol, lile jengo la duara wanaloliita la kutazamia nyota. Mabasi yakishusha watu saa 4:30, wewe uko kusini na wao wako kaskazini. Saa 5 unatoka.

#14 Dada Mkekani
Ile treni ya Tren Maya je? Si ina kituo cha Chichén Itzá?

#15 Mtoto wa Makorora
Kipo, treni ilianza Desemba 2023. Lakini kituo hakiko mlangoni pa magofu, unahitaji basi dogo au teksi kutoka hapo. Na treni kwa siku ni chache, kwa hiyo tazama ya kurudi kabla hujanunua ya kwenda. Hapo jirani na kituo kuna jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa 2024. Lina kiyoyozi, ni mahali pazuri pa kumalizia mchana.

#16 Nahodha Mkavu
Kwa wanaotaka kukodi gari: bei ya mtandaoni ya dola chache kwa siku si bei. Bima ya kugharamia madhara ya mtu mwingine ni lazima kwa sheria ya Mexico, na dawati la uwanja wa ndege litakuongezea hapo hapo. Uliza jumla yote kwa maandishi kabla ya kutoa kadi.

Barabara ziko mbili. 180D ni ya kulipia, imenyooka, tozo ni kali, na vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, jaza kabla ya kuingia. Ile 180 ya bure inapita vijijini, na kila kijiji kina matuta, mengine hayana rangi wala kibao. Usiku usiipite. Kwenye mafuta, shuka garini uhakikishe mashine inasoma sifuri kabla mhudumu hajaanza.

#17 Sauti ya Ngazi
Wapenda magofu, tuje kwenye mambo ya maana. Ukisimama mbele ya ngazi ya kaskazini ya piramidi ya Kukulcán, mita 10 hadi 20 hivi, ukapiga kofi moja kavu, mwangwi unarudi ukiwa mlio wa ndege: "chiuuu", unaanza juu unashuka. Waongoza wote wanasema ni sauti ya quetzal, ndege mtakatifu, na kwamba wajenzi walikusudia. Mnasemaje?

#18 Fundi Chokaa
Mlio upo na fizikia yake inaeleweka. Kila kidato kinarudisha kofi lako kwa kuchelewa kidogo. Vidato vya chini viko karibu na wewe, miangwi yake inafuatana haraka, hivyo sauti ni nyembamba. Kadiri sauti inavyotoka vidato vya juu, nafasi kati ya mwangwi na mwangwi inaongezeka, sauti inazidi kuwa nzito. Ndiyo maana inashuka. Ngazi yoyote ndefu ya mawe yenye vidato vyembamba na uwazi mbele yake itafanya hivyo.

Mtaalamu wa sauti Mmarekani, David Lubman, alilinganisha mwangwi huo na mlio wa quetzal mwaka 1998. Mwaka 2004 Nico Declercq na wenzake wakapiga hesabu, wakaonyesha kwamba mlio unategemea pia sauti uliyoipiga wewe. Na wakagusia jambo jingine: nyayo za mtu anayepanda, zikisikika na aliyeketi chini kwenye ngazi, zinafanana na matone ya mvua yakidondoka kwenye ndoo. Mungu wa mvua wa Wamaya ni Chaac. Kwa hiyo chagua: ndege, mvua, au bahati tu.

#19 Kisu Butu
Quetzal anaishi misitu ya milimani, Guatemala na Chiapas. Yucatán hayupo, kule ni tambarare kavu. Nani angejenga ngazi ya kuiga ndege ambaye watu wake hawajawahi kumsikia?

#20 Sauti ya Ngazi
Manyoya yake yaliuzwa masafa marefu. Wafanyabiashara walimjua.

#21 Kisu Butu
Manyoya hayalii.

#22 Tumbili Mzee
😂 Ongezea na hili: pande mbili za piramidi zimejengwa upya karne ya 20, kaskazini na magharibi. Unapopiga kofi upande wa kaskazini, unausikia pia mkono wa mafundi wa miaka ya 1920. Sisemi hakukuwa na mwangwi, nasema tahadhari.

Hesabu ya vidato ndiyo haina ubishi sana: 91 kwa kila upande, mara nne ni 364, na jukwaa la juu linatimiza 365. Kupanda ni marufuku tangu 2006. Mtu asikudanganye kwamba kuna "tiketi maalumu".

#23 Dada Mkekani
Na yule nyoka wa kivuli? Ni lazima uende Machi 21?

#24 Tumbili Mzee
Ikwinoksi, siku ambayo usiku na mchana vinalingana, ni Machi 20 au 21 na Septemba 22 au 23. Alasiri jua la magharibi linapitisha kivuli cha kona za piramidi kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini, zinaonekana pembetatu za mwanga zikishuka hadi kichwa cha nyoka cha jiwe. Lakini jua halisogei sana kwa siku moja. Kivuli kinaonekana vizuri siku kadhaa kabla na baada. Nenda siku tatu kabla, utaona kile kile bila kubanana na maelfu ya watu waliovaa nguo nyeupe. Septemba ni msimu wa mvua na vimbunga. Wingu moja tu na nyoka hashuki.

Ikiwa ulikuja na basi la watalii, sahau. Linaondoka kabla ya tukio.

#25 Bi Mashaka
Habarini. Naomba mnisaidie kuhusu mama: ana miaka 68, goti moja linamsumbua, hajui kuogelea, ila anataka kuingia majini. Na mimi nina rasta za kusuka. Kuna watu wameniambia senote nywele za bandia haziruhusiwi.

#26 Shangazi wa Toronto
Bi Mashaka, karibu. Rasta si tatizo. Tatizo ni mafuta, jeli na povu la kuwekea mtindo. Sheria ya kuoga kabla ya kuingia inahusu kila kilichopakwa, na mhudumu akiona nywele zinang'aa atakurudisha bombani. Usipake kitu siku hiyo, fanya fundo juu, vaa kofia ya kuogelea ile kubwa ya watu wa rasta. Kumbuka bombani ni maji ya baridi, na majini ni kama nyuzi 24 hadi 26. Nywele hazitakauka mpaka hotelini, na kwenye basi kiyoyozi kinapuliza. Beba khanga mbili, moja ya kichwa.

Kwa mama, Ik Kil ina ngazi ya mawe iliyochongwa, ndefu, na imelowa muda wote kwa miguu ya wanaopanda. Mita 26 kushuka si neno, kupanda ndiyo kazi. Chini hakuna pa kusimama, ni kina cha mita 40 kwenda mbele. Jaketi okozi wanatoa na wanasimamia livaliwe, kwa hiyo kutojua kuogelea si kizuizi. Goti ndilo kizuizi.

#27 Fundi Chokaa
Naongezea kwa nini Ik Kil iko chini hivyo, kwa sababu itakusaidia kumchagulia mama. Kaskazini mwa Yucatán hakuna mito ya juu ya ardhi. Mvua inazama yote kwenye chokaa, na maji ya chini yako karibu sawa na usawa wa bahari kila mahali. Kwa hiyo kina cha kushuka kinategemea ardhi yenyewe imeinuka kiasi gani. Chichén Itzá iko bara, ardhi imeinuka, unashuka mita 26. Tulum iko pwani, ardhi ni chini, unashuka vidato vichache tu. Mwenye goti aende senote za upande wa Tulum. Gran Cenote ina ngazi fupi ya mbao, jukwaa, na sehemu ya kusimama maji yakiwa kiunoni.

#28 Mtoto wa Makorora
Sahihi, na magofu ya Tulum ni madogo, yanazungukwa kwa saa moja na nusu, kilomita 130 tu kutoka Cancún, na hakuna kubadili saa. Onyo: siku hizi yamo ndani ya hifadhi ya Parque del Jaguar, kwa hiyo malipo yamegawanyika zaidi ya Chichén, na kutoka maegesho hadi getini kuna mwendo. Uliza usafiri wa ndani kwa ajili ya mama.

#29 Bi Mashaka
Asanteni sana. Tulum basi.

#30 Mlasukari
Uzi wangu umehamishiwa Tulum mchana kweupe.

#31 Nahodha Mkavu
Fundi, senote si zilitokana na kile kimondo kilichoua dinosaria? Shimo lake, Chicxulub, liko huko huko.

#32 Fundi Chokaa
Si moja kwa moja. Kimondo kilipiga miaka milioni 66 iliyopita. Chokaa tunayoiona juu imejilaza baadaye, ikiwa chini ya bahari. Ila ukingo wa shimo lile la kale, uliofunikwa, uliacha udhaifu kwenye mawe ya juu, na maji ya chini yakafuata hapo. Ndiyo maana kuna pete ya senote, kipenyo kama kilomita 180, inayozunguka upande wa mji wa Mérida. Chichén Itzá na Ik Kil ziko nje ya pete hiyo, mashariki yake. Kwa hiyo mwongoza akikuambia "hapa ndipo kimondo kilipotoboa", mwache amalize, unywe maji yako.

Kinachochonga ni maji ya mvua yenye tindikali kidogo. Pango linapanuka chini, baadaye paa linaporomoka. Wengine wanatilia mkazo mahali maji baridi ya mvua yanapokutana na maji chumvi ya chini, kwa kuwa mchanganyiko huo unakula chokaa zaidi. Karibu na pwani hoja hiyo ina nguvu, bara zaidi sina uhakika nayo kama wanavyoipigia debe.

#33 Mtoto wa Makorora
Chokaa hiyo hiyo ndiyo iliyotupa mapango ya Amboni kule Tanga, na pango la Kuza pale Jambiani lenye maji ya kuogelea. Udogo tu.

#34 Kisu Butu
Haya, Tanga imeshaingia. Bado Kilwa.

#35 Dada Mkekani
Turudi kwenye losheni. Nikinunua ile iliyoandikwa haidhuru mazingira, bado nioge?

#36 Shangazi wa Toronto
Bado. Senote nyingi hazitofautishi, marufuku ni kwa zote. Vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, umemaliza kazi.

#37 Konda Mstaafu
Binafsi naona katazo hilo ni la kuonekana tu. Bomba la kuogea lenyewe linamwaga wapi? Kwenye chokaa ile ile, maji yale yale.

#38 Fundi Chokaa
Hoja nzuri, na inategemea senote na mfumo wake wa majitaka. Lakini kuna tofauti kati ya kupita kwenye shimo la kuchujia na kuelea juu ya maji yaliyofungwa yenye kambare wadogo. Maji ya kunywa ya vijiji yanatoka kwenye tabaka hilo hilo.

#39 Konda Mstaafu
Umesema mwenyewe #27 mvua inazama yote kwenye chokaa. Kama chokaa inapitisha kila kitu, shimo la kuchujia linachuja nini?

#40 Tumbili Mzee
Mkiwa mnabishana, mjue kwamba Cenote Sagrado, ile ya ndani ya magofu, hairuhusiwi kuogelea kabisa, na ukiiona hutatamani: mita 60 upana, kuta wima, maji ya kijani. Mji ulikunywa maji ya Xtoloc, senote nyingine upande wa kusini. Ile ya kaskazini ilikuwa ya sadaka. Mmarekani Edward Thompson alianza kuikokota kwa ndoo ya chuma mwaka 1904, akatoa jade, dhahabu, ubani na mifupa, vingi vikaishia makumbusho ya Peabody, Harvard.

Na ile hadithi ya "mabikira waliotupwa" msiinunue. Mifupa ya mle ni ya wanaume, wanawake na watoto. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliozikwa kwenye tangi la chini ya ardhi karibu na senote hiyo: wote wavulana, angalau robo yao wakiwa na ndugu wa karibu humo humo, wakiwemo mapacha wa kufanana jozi mbili.

#41 Sauti ya Ngazi
Mapacha tena. Kwenye simulizi zao kuna mapacha wawili mashujaa wanaoshuka kuzimu. Haiwezi kuwa bahati.

#42 Kisu Butu
Wewe kila kitu kwako kimekusudiwa.

#43 Nahodha Mkavu
Kwenye uwanja wa mpira je, aliyeuawa ni mshindi au mshindwa? Kila mwongoza ana lake.

#44 Tumbili Mzee
Mchoro ukutani unaonyesha mchezaji amekatwa kichwa, damu inatoka shingoni kwa umbo la nyoka. Haujaandikwa nani alifunga. Wapo wanaosema mshindi, kwa sababu kufa ilikuwa heshima. Wapo wanaosema mateka wa vita aliyechezeshwa mechi ambayo matokeo yalijulikana. Wapo wanaosema ni picha ya simulizi tu. Uwanja wenyewe ni mita 168 kwa 70, na zile pete za jiwe ziko juu mita 6 hivi, na mpira ulichezwa kwa nyonga. Jaribu kufikiria magoli yalikuwa mangapi.

#45 Dada Mkekani
Kuhusu mwongoza: nimchukue pale mlangoni au nijisomee?

#46 Konda Mstaafu
Mchukue. Vibao vya maelezo ni vichache. Wenye leseni wana kitambulisho shingoni na wanakaa karibu na kaunta za tiketi. Bei ni ya kundi, si ya kichwa, kwa hiyo ungana na wageni wengine wanne watano wanaojua lugha mnayoelewana. Patana kabla: muda gani, na kama mtafika El Caracol, maana wavivu wanaishia kwenye uwanja wa mpira. Wengi ni Wamaya wenyewe wa vijiji vya jirani na lugha yao wanaiongea nyumbani. Waulize mambo ya leo, ndipo utafaidi.

Droni hairuhusiwi. Kamera ya miguu mitatu inataka kibali. Ukisikia chui anaunguruma vichakani, ni filimbi ya udongo ya muuza vinyago, usikimbie.

#47 Jirani wa Nairobi
Viza? Wengine tuko huku nyumbani.

#48 Shangazi wa Toronto
Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Mexico, isipokuwa ana viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen, au ukaazi wa kudumu huko. Kama ya Marekani ni ya kuingia mara moja na umeshaitumia, usivuke kabla ya kujua utarudije. Ubalozi uko Nairobi na unahudumia Tanzania pia.

#49 Mlasukari
Kwa hiyo nikijumlisha: Valladolid usiku mmoja, getini saa 2, senote mchana. Lakini ipi, kama Ik Kil mchana ina vichwa 200?

#50 Mtoto wa Makorora
Yokdzonot, magharibi mwa Pisté, dakika 20 kwa gari. Inaendeshwa na ushirika wa kijiji ulioanzishwa na akina mama, mabasi makubwa hayaendi. Kina chake na uzuri wake haviko mbali na Ik Kil.

#51 Fundi Chokaa
Kwa mwanga, Ik Kil. Nenda saa 10, mabasi yameondoka.

#52 Kisu Butu
Saa 10 mwanga umeshapanda ukutani. Umesema mwenyewe #10.

#53 Fundi Chokaa
Nimesema asubuhi.

#54 Kisu Butu
Jua la jioni linapitia wapi, mlangoni?

#55 Konda Mstaafu
Mlasukari, ukienda Yokdzonot kwa kombi ulizia ya kurudi Valladolid mwisho saa ngapi kabla hujashuka. Na uliza ni saa ya wapi.